Redio, kiwanja na kamera: kwa msichana wa hapa anayetaka kuishi kwa uigizaji

Wasichana wanaonijia nyumbani Kikwajuni wana swali lao moja: "Bi, nianze na jukwaa au na filamu?" Anza na itakayokuita mwezi huu, ndilo jawabu langu. Unguja si pahala pa kuchagua. Mwigizaji wa kike anayetaka kazi hii imlishe, asubuhi atarikodi tangazo la redio, jioni atakuwa kiwanja cha skuli huko Makunduchi akiigiza mke wa mvuvi kwenye mchezo wa malaria, na wiki inayofuata atasimama kichochoroni Shangani mbele ya kamera ya wageni, kavishwa buibui la kamba la zama za bibi yake. Anayekaa akingoja filamu tu atazeekea barazani.

Kwa hivyo nitakayoyaeleza ni namna ya kuzifanya kazi zote hizo bila ya moja kuiharibu nyengine. Na zinaharibiana kweli. Sauti ya kiwanjani ukiipeleka mbele ya kamera, unaonekana umerukwa na akili. Ule utulivu wa kamera nao ukiupeleka kiwanjani, watoto wa mbele wataanza kurushiana mchanga.

Sikio kabla ya uso

Ukipata mlango wa redio, ingia. Mimi nimetokea huko, kwenye michezo ya kuigiza ya Rahaleo, na sijaona skuli iliyoipita ile. Redioni huna macho, huna mikono, huna kanga ya kujifunikia ukikosa la kufanya. Una pumzi na maneno. Pembeni yako yupo mtu anayefungua mlango wa uongo na kumimina maji kutoka kwenye jagi, na ukimrukia kabla bilauri haijajaa, msikilizaji wa nyumbani haamini kuwa umekunywa. Hapo unajifunza kumngoja mwenzako. Waigizaji wengi wa tamthilia zetu za tivii wanangoja zamu yao tu. Mwenzao akisema, macho yao yako kwenye sentensi yao inayofuata, na kamera inaliona hilo kabla ya mtu yeyote.

Kila siku soma kwa sauti ukurasa mmoja wa tamthilia. Kwa wepesi wa ulimi na mzaha chukua *Mfalme Juha* ya Farouk Topan. Ukishazoea, ingia *Kivuli Kinaishi* ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, umtafute Bi Kirembwe. Nafasi nono kama ile kwa mwanamke hazipatikani kila siku katika michezo ya Kiswahili: mtawala, mjuzi wa mambo ya giza, na anajua kusema. Wengi humsoma kwa ukali wa sauti kwa vile ni mkubwa. Msome kwa kunong'ona, uone kama hatishi zaidi.

Unaposoma, vilinde vichwa vya vitenzi. Ukimeza silabi ya kwanza, "sikumpokea" na "nikampokea" zinamfikia aliyekaa nyuma zikiwa karibu kitu kimoja, na mchezo mzima umeshavurugika: watu hawajui kama yule bwana ulimpokea au ulimfukuza. Mkia nao una kazi. "Niache" na "niachie" zinatofautiana kwa kitu kidogo sana, na upepo wa baharini unaweza kukibeba. Simama ncha moja ya uwanja, mweke mwenzako ncha nyengine akupe mgongo, mwambie sentensi kumi za kukataa na kukubali zikiwa zimechanganyika, naye aseme ipi ni ipi. Ndivyo tulivyofundishwa, na sijapata zoezi la kuliondoa.

Lahaja ni jambo la kuliangalia kwa makini. Mwongozaji wa kutoka Bara au nje atakwambia, "Ongea Kizanzibari," na anachokitaka ni ule mvuto wa nyimbo za taarabu, kana kwamba sisi tunanunua dagaa kwa mashairi. Usimpe. Watu wa Makunduchi wana usemi wao, Tumbatu wana wao, na Mpemba huku mjini kila akiigizwa hufanywa kichekesho, jambo ambalo mimi linaniudhi. Ukipewa nafasi ya mama wa Wete, panda boti uende Wete. Kaa na wanawake wanapomenya mihogo, sikiliza wanavyonyamaza na wanavyokatana maneno, sikiliza wakubwa wanavyosalimiwa. Usiwarikodi kwa siri. Ukirudi utakuwa umechukua zaidi ya matamshi: namna ya kukaa, namna ya kumuita mtoto bila ya kugeuza kichwa.

Kiwanja ndicho jukwaa letu

Pahala petu pa fahari ni Ngome Kongwe. Ngazi za watazamaji ziko wazi juu, kuta za Waarabu wa Oman zimekuzunguka, na kwa nje kidogo tu Forodhani wanachoma mishikaki. Tamasha la filamu la ZIFF linafanyika mjini hapa tangu 1998, na Ngome Kongwe ndiyo nyumba yake. Nenda hata kama huna kazi ndani yake. Usikimbilie usiku wa ufunguzi wenye picha na nguo mpya. Nenda kwenye warsha za mchana na filamu za wenzetu ambazo hakuna anayezipigia foleni, ukae karibu na watu wanaouliza maswali.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ya jukwaa hapa ni ya vijijini: michezo ya afya, ya udhalilishaji wa watoto, ya mazingira, inayoletwa na wizara au mashirika. Watu wa mjini huidharau. Mimi naiona ndiyo iliyonipa uti wa mgongo, kwa sababu mtazamaji hakulipa kiingilio na hana sababu ya kukustahi. Ukimchosha, anaondoka.

Kundi likifika, kiongozi aende kwanza kwa sheha, mkubwa wa serikali pale kijijini. Barua iwepo, salamu ziwe kamili, na mtu asifungue hata kipaza sauti kabla sheha hajajua mmekuja kufanya nini. Halafu tazama jua liko wapi. Likiwa machoni mwa watazamaji, wataona vivuli vyenu tu. Bora liwaumize nyinyi. Watoto watakaa mchangani mbele, wanawake upande mmoja, wanaume wengi watasimama nyuma wameegemea baiskeli na vespa. Kwa hivyo mna watu pande tatu. Usijifunge kwenye mstari mmoja na mwenzako kama mnapiga picha ya harusi. Simameni kimshazari, na kila baada ya maneno mawili matatu mmoja wenu awe na sababu ya kusogea. Sababu, nimesema. Kutembea ovyo ni kuonesha kuwa umesahau.

Kisha utajibiwa. Umesimama unalia kuwa mumeo kauza chandarua, mzee mmoja kutoka nyuma atasema, "Si ulimuoa mwenyewe?" na kiwanja kizima kitacheka. Msichana asiyezoea hujifanya hakusikia, na hapo hapo watu wanajua kuwa anaigiza. Mjibu, ukiwa ndani ya nafasi yako, kwa adabu ya mke wa mvuvi anayesemeshwa na mzee: "Sikumuoa mimi, babu, mlinioza nyinyi." Wakimaliza kucheka, rudi kwenye kilio chako. Ukitaka kujifunza wepesi huo nenda Pemba ukaangalie kibati. Wale wanaopokezana maneno juu ya ngoma, mbio mbio, hawana karatasi. Mmoja analitupa, mwengine analidaka kabla halijaanguka. Hakuna chuo cha uigizaji kitakachokupa hicho.

Mwezi wa Ramadhani jukwaa hulala, na usilihesabie pesa. Utumie kukariri, kushona nguo za mchezo na kulala mchana, kwa sababu sikukuu ikifika watu wanataka kuchekeshwa na makundi yanatafutana.

Ungo wa mchele

Sasa zoezi ambalo nawapa wote, na kwalo najua nani atavuka kutoka kiwanjani kwenda kwenye kamera.

Chukua ungo, utie mchele vibaba viwili ambao haujachambuliwa, ukae chini kwenye mkeka. Jirani yako, mwanamke mwenzako, anaingia, anavua ndara mlangoni, anakaa, anazunguka na habari za bei ya ndizi. Kisha anakwambia mumeo kaoa Fuoni. Huna maneno isipokuwa moja: "Lini?"

Mara ya kwanza cheza kwa kiwanja. Weka mtu hatua arubaini mbali. Yeye uso wako haoni, anauona ungo. Kwa hivyo kabla ya habari ungo lazima ufanye kazi: upepete, usimame, upepete tena, mchele uruke, pumba zitoke, sikio la mtazamaji lizoee ule mlio. Habari ikifika, mlio unakatika. Hapo ndipo kiwanja kinapojua. "Lini?" unaisema baada ya kimya, na unaisema kwa kifua, ukiwa umemuelekea jirani mpaka mabega. Usiudondoshe ungo. Wote hudondosha, na mchele ukishamwagika watu wanauangalia mchele.

Mara ya pili mweke mwenzako na simu, picha iwe ya kifua na mikono. Hapa ukiusimamisha ungo ghafla unaonekana mwongo. Mikono iendelee. Ulikuwa unatoa chuya na mawe unatupa pembeni. Sasa vidole vinaokota punje nzima, safi, vinaitupa, vinaokota nyengine, vinaitupa, na jiwe limekaa pale pale kwenye ungo. Uso uache, usiufanyie kitu. "Lini?" itoke kwa sauti ya kuulizia bei ya zile ndizi.

Fanya hivyo mpaka uweze kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine bila ya kupumzika. Mwanamke ni yule yule, uchungu ni ule ule. Kilichohama ni pahala alipokaa anayekutazama. Viola Davis wa Marekani alicheza nafasi ya Rose katika *Fences*, mchezo wa August Wilson, jukwaani New York, akapata tuzo ya Tony mwaka 2010. Rose huyo huyo akamchukua kwenye filamu, akapata Oscar 2017. Tafuta vipande vyote viwili kwenye simu, uvitazame bila ya sauti, uangalie mikono na shingo tu.

Mbele ya kamera

Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Utalia msiba asubuhi na jioni utapambwa biharusi, kwa sababu nyumba imekodiwa siku moja. Uwe na daftari. Kila onyesho liandikie mistari mitatu: nimetoka wapi, najua nini, sijui nini bado. Ule wa tatu ndio unaosahaulika, na ndiyo maana tunaona mke anamtazama mumewe kwa chuki kabla hajaambiwa chochote.

Kabla ya kuanza, muulize mpiga picha, "Unanichukua mpaka wapi?" Ataonesha kwa mkono: kiuno, kifua, uso. Usione haya kuuliza, wakongwe wote wanauliza. Ikiwa ni uso, kuinua nyusi ni kelele. Ikiwa ni mwili mzima kutoka juu ya dari la nyumba ya pili, cheza karibu na kiwanjani. Wakikuwekea utepe sakafuni usimame hapo, usiutafute kwa macho. Simama juu yake, tembea kinyumenyume mpaka unapoanzia, hesabu hatua. Ukija mbele mguu utafika wenyewe.

Nguo zetu zina matatizo yake, ambayo watu wa filamu kutoka nje hawayajui mpaka uwaambie. Maiki ndogo ukiibana chini ya mtandio, kila ukigeuza shingo inasikika kama mtu anakunja karatasi. Mwambie mtu wa sauti aibane kwenye sidiria au kwenye ukosi wa dira, kwa ndani, na mwambie akupe mwanamke wa kuifunga. Vua bangili ambazo hazimo kwenye hadithi. Kanga haikai siku mbili namna moja: ukishafungwa ushungi, jipige picha kwa simu yako mwenyewe, mbele na pembeni, ncha ya kulia iko wapi, jina la kanga linaonekana au limekunjwa. Wakirudia onyesho hilo siku ya pili, wewe ndiye utakayekuwa na ushahidi. Msimu wa kaskazi jasho halina huruma, wanja unashuka. Chukua poda na karatasi laini mfukoni, ubonyeze usoni, usifute.

Mjini kuna jambo jengine. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapata jua la moja kwa moja mchana wa saa sita tu, wakati huo huo adhana ya adhuhuri inatoka misikiti kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake. Mwongozaji mgeni atapanga mazungumzo marefu saa hiyo kwa sababu ya mwanga. Mwambie mapema, kwa upole, apige picha za kutembea zisizo na maneno, mazungumzo ayahamishe ndani ya nyumba baada ya watu kutoka msikitini. Mwigizaji anayeujua mji huitwa tena, hata kama uso wake si wa ajabu.

Na soma riwaya. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, *Vuta n'kuvute*, ilitengenezwa filamu na Amil Shivji, ikaoneshwa Toronto 2021. Siku ya usaili wa kazi ya namna ile, aliyekisoma kitabu na aliyepewa kurasa mbili asubuhi ile hawafanani hata wanapoingia mlangoni.

Nyumbani, ruhusa na pesa

Mwambie mama kabla majirani hawajamwambia. Mchukue siku moja aone mnavyofanya, akae kwenye kiti, aone kuwa kuna watu ishirini, taa, na makelele ya jenereta, na kwamba hakuna pahala pa siri. Maneno hayatakwisha. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu aliyefariki 2013, alisemwa maisha yake yote, na leo sura yake imechorwa kwenye bidhaa wanazouziwa wageni.

Maonyesho ya mume na mke yazungumze kabla ya kutia saini, usiyangojee pale taa zimewaka na watu wanatazama saa. Sema waziwazi: mkono begani ndiyo au hapana, kukaa kitandani ndiyo au hapana, kichwa wazi ndiyo au hapana. Kisha liandikwe. Na uwe na pendekezo mkononi, maana mwongozaji akinyimwa kitu anataka apewe kitu. Mpe hili: picha ya mlangoni, makubadhi ya mwanamme yamepangwa kando ya ndara za mwanamke, mlango unafungwa. Hakuna Mzanzibari atakayeuliza kinachoendelea.

Uliza kibali. Filamu inayopigwa hapa inapitia BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na mtayarishaji aliyekamilisha mambo yake hakasiriki kuoneshwa kuwa unajua hilo. Ukiandika mchezo wako mwenyewe, nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya hapa, uulizie haki zako kabla hujaanza kuwagawia watu nakala.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Vifijo nimetunzwa sana, na dukani Darajani havipokelewi. Kuna kundi liliwahi kutulipa wali na soda kwa kazi ya usiku kucha, kwa hoja kuwa "mnajitangaza". Mkataba uwe na siku za kazi, saa za kumaliza, chakula, gari ya kukurudisha ukimaliza usiku (hilo liandikwe kabisa, wasichana wameachwa Bububu saa saba), pesa zinatoka lini, na kazi hiyo itaoneshwa wapi na kwa muda gani. Ukiletewa kwa Kiingereza na hukielewi chote, chukua siku moja, umpelekee anayekijua. Anayekataa kukupa siku moja ameshakwambia alivyo.

Usaili wa kuvuka bahari

Kazi nyingi za tivii zinaamuliwa Dar es Salaam. Boti ni saa mbili hivi, lakini msimu wa kusi bahari inachafuka, utashuka umetapika na uso umekuwa kijivu. Vuka siku moja kabla, ulale kwa ndugu.

Siku hizi wengi huomba urikodi nyumbani utume. Simama ukiuelekea mwanga wa dirisha, nyuma yako ukuta mtupu usio na kalenda wala maua ya plastiki. Simu ilazwe ubavu, picha itoke pana, iwe kwenye kitu kisichotikisika, usawa wa macho yako. Anayekusomea maneno ya upande wa pili asimame kando tu ya simu, asome kwa sauti ya chini kuliko yako, asiigize. Feni izimwe, hata kama unaungua. Taja jina lako na unakoishi, kimya kidogo, kisha anza. Fanya mara mbili kwa namna mbili tofauti, moja ya usemi wako wa hapa na moja ya usemi wa Bara, utume zote, uwaachie wachague. Usiweke muziki chini.

Wakikujibu na kukuletea mkataba, rudi juu usome tena habari ya gari ya usiku, kisha toa nakala mbili: moja ibaki nawe, moja mpe mama aiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.